Nimekagua, Nimeridhika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika masjala ya mahakama Thika, Karani Mkuu alinikabidhi muhuri, wino na onyo. "Karani hachukui upande wa mtu," akasema. "Anapokea karatasi." Nilimtii miaka yote.

Masjala ndipo kesi hufunguliwa faili na kugongwa muhuri. Thika nilipokea kesi za mipaka ya mashamba na ng'ombe waliovunja ua. Nilipohamishiwa Ruiru, dawati la madai madogo, ambako mtu hujisimamia bila wakili, ndipo nikakutana na watu wa magari. Huyu kauziwa gari lililozama kwenye mafuriko, yule mita ya kilomita imerudishwa nyuma. Na kila karatasi ya muuzaji ilikuwa na mstari uleule chini, umetiwa sahihi na mnunuzi: "Nimekagua, nimeridhika." Ukiuliza alikagua nini, unaambiwa alipiga magurudumu teke, kisha pasta akaliombea. Walinichosha, nasema kweli.

Hata hivyo, sahihi yako haifuniki uongo wa mwenzako. Muuzaji akisema gari ni la namna fulani, sharti liwe hivyo. Likiwa sivyo, unaweza kulikataa mapema na kudai pesa zako, au ukae nalo udai fidia. Ukiona ni utapeli mtupu, polisi wapo. Ila kwanza fundi asiyejuana na muuzaji aandike ripoti kabla spana haijagusa kitu.

Mama Wambui, mfugaji wa Gatuanyaga, alifuata utaratibu huo. Alikuwa amenunua Ruiru pikapu ya kubebea maziwa. Wiki ya pili injini ikafa, na namba yake haikulingana na ya logibuku, hati ya umiliki wa gari. Ripoti ya fundi ilikuwa kamili. Nilipoigonga muhuri nilijua mama huyu anashinda.

Asubuhi ya kusikilizwa kesi, muuzaji alimkuta kwenye benchi mbele ya dirisha langu. "Mum, sisi ni watu wa nyumbani," akamwambia. "Rudisha gari, nitakuwekea engine ingine. Tusign hapa tumalize hii maneno."

Karatasi yenyewe ilikuwa mapatano ya kufunga kesi, na chini kabisa, ule mstari. Mama Wambui akanigeukia. "Karani, hii ni sawa?"

Nilijua si sawa. Kesi ikifungwa na gari likirudi kwa muuzaji, mama atabaki na ahadi tu. Nikamjibu nilivyofunzwa, kwamba masjala haitoi ushauri. Akatia sahihi. Nikagonga muhuri.

Pikapu ilirudi na rangi mpya na injini ileile, namba imekwaruzwa. Mama aliporudi mahakamani, Mwamuzi alisoma mapatano, akasema amefungwa mikono. Mama alipita dirishani kwangu bila kuuliza kitu.

Nimestaafu, niko kwangu Gitothua, na hasira ninayo bado, zaidi juu yangu mwenyewe. Kumwambia mtu "nenda umuulize wakili kabla ya kusign" si kuchukua upande. Ilinichukua maisha mazima ya kazi kuligundua jambo dogo hivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda Gatuanyaga, nikamkuta akifunga mitungi ya maziwa kwenye pikipiki ya kukodi. Nikamwomba msamaha. Nilieleza yote, hata yale ya Karani Mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono kwa leso yake.

"Haya, Karani," akasema. "Nisign wapi?"