Mama wa Boti Nyembamba

Nikisikia injini ikidunda polepole mferejini, humkumbuka yule mama. Nilikuwa bawabu wa malango ya maji, yale yanayopandisha na kushusha boti mferejini, pale Napton, Uingereza, naye kila Aprili alipita na boti yake, peke yake. Alisukuma lango kwa mgongo, bila haraka hata chembe.

"Mama, utafika Oxford umeota mvi!" nilimtania.

"Ninazo tayari. Kaa pembeni."

Siku moja maji yakishuka kati ya malango, boti ya watalii ilinasa sehemu yake ya nyuma kwenye kizingiti cha lango la juu, ikainama, watoto wakapiga mayowe. Yule mama alikimbia, akafunga matundu ya kutolea maji ya lango la chini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Fungua ya juu, baba. Taratibu." Maji yakapanda, boti ikaelea.

Watalii walimletea chai. Mikono yake ilitetemeka mno, nikamnywesha mimi.