Ramani ya Mgeni Aliyepanda Mlima

Juzi bomani Morogoro, mimi msafiri mashuhuri ninayepotea hata njia ya sokoni, nilimkuta mzee wa Kiluguru akimwulizia mpagazi aliyekufa kwa baridi alipokuwa akimbebea mizigo Mjerumani aliyepanda mlima kutazama mandhari.

"Mzee, wewe ndiye baba yake?" karani aliuliza.

"Mjomba. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Nionyeshe alipozikwa, bwana."

Karani akafunua ramani ya yule mgeni na kupitisha kidole: alipolala, alipokula, alipochora maporomoko. Kaburi halikuwamo.

"Hapo alipokula, mpwa wangu alikuwa hai bado?"

"Mgeni ameandika kuwa mpwa wako ndiye aliyempakulia."

"Basi nitaanza kutafuta hapo."

Nami nimepanda milima mingi nikibebewa mizigo. Majina ya vilele nayakumbuka yote.