Maji ya Chumvi Pale New Site

Hata leo, nikisikia mtu akichota maji kwa kikombe na kuyamimina taratibu, huinuka nikatoka nje.

Baba alikuwa fundi wa friji mtaa wa Hai Jalaba, na nyumbani kwetu, mtaa wa New Site, alifuga matumbawe ndani ya tangi la kioo. Viumbe vya baharini, mbali na bahari namna ile. Majirani walimwita mzee wa kufuga mawe. Yalikuja kwa ndege kutoka Mombasa ndani ya mifuko ya nailoni, na tulipofungua sanduku chumba kizima kilinuka dagaa wabichi. La kijani, alilolipenda kuliko yote, alilinunua kwa Haji, Msomali wa duka la vitambaa, ambaye naye alikuwa na tangi lake. Baadaye wakaacha kuuziana, wakawa wanabadilishana. Baba alikata kwa koleo kipande cha lile la kijani, urefu wa kidole, akakigandisha kwa gundi juu ya kijiwe, akampelekea Haji, akarudi na cha zambarau. Kila mara alitoa kilicho kizuri zaidi. Nilipolalamika alisema, "Kilicho kwa mwenzako ndiyo akiba. Chako kikifa, utaenda kuomba."

Alinionya nisiyasogeze karibu karibu. Niliyasogeza, maana kijani na zambarau vilipendeza pamoja. Kwa siku mbili la kijani lilimchoma jirani yake, la zambarau, mpaka nyama ikambanduka, ukabaki mfupa mweupe. Baba alinichapa siku hiyo, mara ya kwanza na ya mwisho.

Mapigano yalipofika mtaani kwetu, mafuta ya jenereta yaliisha. Pampu ikizimika matumbawe hukosa pumzi. Baba alinilaza chini ya kitanda pamoja na jerikeni ya maji ya kunywa, mimi binti wa miaka kumi na mmoja, akasema nisitoke hata akiniita. Yeye alikaa kando ya tangi, akachota na kumimina kutoka juu ili hewa iingie. Risasi, kikombe, risasi, kikombe. Ukuta wa jirani ulianguka. Mbwa alilia, akanyamaza.

Siku ya pili, mchana, wanaume wawili wenye bunduki waliyasikia yale maji. Wakapiga mlango teke.

"Moya wapi?" mmoja aliulizia maji, midomo imepasuka kwa kiu.

"Hii iko na chumvi, afande," Baba alisema. "Usikunywe."

"Na ingine?"

"Ingine hakuna."

Yule akaona ananyimwa. Akanywa vikombe viwili kwa pupa, akatapika, akasema amewekewa sumu. Mwenzake akampiga Baba kichwani kwa kitako cha bunduki, akaendelea kumpiga hata alipokwisha kunyamaza. Kisha akavunja kioo. Maji yalinifikia chini ya kitanda, vuguvugu, mekundu, yakaniingia mdomoni. Nilikumbatia jerikeni.

Miaka mingi nilimchukia Baba kwa kufia mawe. Angetoa ile jerikeni, nilijiambia, wangekunywa wakaenda zao. Nilikuwa nimeshazaa binti wangu mwenyewe ndipo nikafikiria jerikeni ile ilikuwa ubavuni mwa nani, na mikono ambayo ingeingia chini ya kitanda kuichukua.

Mwaka jana nilinunua tangi dogo, nikamwendea Haji. Alinifungulia chumba cha nyuma. La kijani, kile kipande cha Baba, sasa ni kubwa kama sinia.

"Chukua la baba yako, mwanangu," akasema.

Nilimwomba anikatie kipande cha urefu wa kidole tu. Lililobaki, nilimwambia, likae kwake.