Zumra Alisema Usipande

Huku kwetu Golubjak, kwenye uwanda wa juu wa Pešter, theluji ikianza kuanguka watu hawaulizi itaacha lini. Wanaulizana kitu kimoja tu: "Babu amewaka?"

Babu si mtu. Babu ni gari la Hilmo, gari kuukuu la jeshi la dizeli, lenye turubai la viraka na minyororo kwenye magurudumu yote manne. Likiunguruma asubuhi kijiji kizima kinalisikia. Mgonjwa anajua atafika hospitali, na mwenye gunia tupu anajua unga utakuja. Lisipowaka, basi tena. Watoto wa Hilmo wako Ujerumani, na tangu mama yao afariki wanambembeleza ahamie kwao. Jibu lake ni lile lile: "Nikija huko, Zumra atachukuliwa na nani? Na nyinyi?"

Zumra alikuwa mjane, rika moja na Hilmo. Walichunga kondoo pamoja wakiwa wadogo. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki ilikuwa lazima afike mjini aunganishwe na mashine ya kusafisha damu. Akikosa mara moja, alivimba. Akikosa mara mbili mfululizo, daktari alishasema wazi, hakuna ya tatu. Nyumba yake ilikuwa peke yake juu ya kilima ambacho wakati wa baridi hata Babu hakukiweza. Hilmo aliliacha gari barabarani, akapanda kwa miguu, akamfunga Zumra mgongoni kwa blanketi na kushuka naye. Kwenda na kurudi ni saa nzima, na Zumra alimsimanga njia nzima.

"Taratibu, punda we! Utanimwaga!"

"Endelea kunitukana, nikutupe hapa mbwa mwitu wakule."

"Wale nini? Mimi nimebaki mifupa na vidonge. Watakufuata wewe mwenye nyama."

Watu walisema, si unawajua watu, kwamba Hilmo ana lake jambo. Alikuwa nalo. Hakuwahi kulitamka, na mimi sitalitamka kwa niaba yake.

Februari ile ilikuja baridi ambayo sitaki kuiona tena. Dizeli iliganda kwenye tangi kama samli. Hilmo aliichanganya na mafuta ya taa, na kila alfajiri alisukuma karai la makaa ya moto chini ya injini, akachuchumaa pembeni akichunga gari lisije likateketea. Siku ya kwanza ya dhoruba hata hilo halikufaa kitu. Babu alikohoa, akanyamaza, na Zumra akakosa mashine. Zamu iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya kufa na kupona, na Hilmo hakulala. Asubuhi yake Babu akawaka, moshi mweusi ukatanda uani, na Hilmo akasema Alhamdulillah kwa sauti.

Alikuwa ameshafika chini ya kilima, mkono kwenye mlango, simu ikalia. Ni Bajro, wa upande wa pili wa kijiji, na sauti yake haikuwa ya Bajro.

"Hilmo, mkwe wangu Sadeta. Uchungu umemshika kabla ya wakati, na damu haikatiki. Njoo, ndugu yangu. Nakuomba kwa Mungu, njoo sasa hivi."

Hilmo alitazama juu. Moshi ulitoka kwenye bomba la jiko la Zumra. Theluji ilikuwa imefika kiunoni, na saa nzima ya kawaida ingekuwa mbili. Akampigia Zumra, akamweleza yote, maana kuficha hakujua.

"Nakuja nikuchukue kwanza," alisema. "Halafu tutampitia Sadeta."

Hapo Zumra akacheka.

"Kwani wewe hawajakupigia? Hospitali wamenipigia asubuhi hii. Umeme unawasumbua. Wamesema niende kesho."

"Kweli?"

"We mzee, nikikudanganya napata nini? Usipande. Nenda kamchukue mtoto wa watu."

"Hujavimba?"

"Nimenenepa kwa uvivu. Nenda bwana, unanimalizia chaji!"

Akakata.

Wallahi, kuna kitu kilimuuma Hilmo pale pale. Hospitali ikibadilisha siku humpigia na yeye. Alilijua hilo. Lakini magoti yalikuwa yamechoka, kilima kilikuwa kirefu, na maneno ya Zumra yalikuwa matamu kuyaamini. Aliona nafuu. Mpaka leo hicho ndicho kinachomla, ile nafuu, na ukimwambia hakuwa na kosa anakuangalia kama umemtusi.

Walimlaza Sadeta nyuma juu ya ngozi za kondoo, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake. Bajro alikaa mbele na koleo, na kila penye rundo la theluji waliteremka yeye na Hilmo wakachimba kama wendawazimu. Walifika alasiri. Sadeta aliokolewa. Mtoto, wa kike, alitoka amekufa. Bajro aliegemea ukuta akalia kwa sauti, mbele za watu, na Hilmo akamshika bega.

Akiwa pale ukumbini akapita muuguzi wa chumba cha mashine, akamtambua.

"Hilmo, yuko wapi mama yetu Zumra? Mashine yake inamsubiri tangu asubuhi. Leo si siku ya kukosa, jamani!"

Hilmo alikuwa ameshaushika mlango wa nje.

Upepo ulikuwa umeifukia barabara yote aliyoichimba. Simu ya Zumra haikupatikana, mnara ulikuwa umekwisha kuzimika. Kwenye njia panda katapila la theluji lilikuwa limesimama, na dereva wake akamzuia kwa mikono miwili. "Mzee, huko hakuna njia. Utajizika mwenyewe." Hilmo alipita. Hakufika mbali. Gari lilizama hadi kwenye taa, na humo alikaa mpaka kesho yake, injini ikinguruma, akililia barabara. Katapila lilimfukua, naye akalifuata nyuma kwa nyuma hadi chini ya kilima.

Alipanda akitambaa. Mlango haukuwa umekomewa. Zumra alikuwa kwenye kochi karibu na jiko lililopoa, uso umejaa hadi macho yamekuwa mistari, akihema kama yeye ndiye aliyepanda.

"Umenidanganya," Hilmo alisema, machozi yakimtoka. "Umenidanganya, mwanamke mbaya we."

"Nyamaza. Mtoto?"

Hilmo alifunga blanketi begani, akalifungua, akalifunga tena.

"Wa kike," alisema. "Mzima. Analia mpaka wauguzi wanaziba masikio."

"Na mama yake?"

"Mama yake mzima." Hilo alilisema kwa nguvu, maana lilikuwa kweli.

"Amefanana na nani?"

"Na Bajro."

"Maskini mtoto wa watu," alisema Zumra, na kifua chake kikakoroma kwa kicheko. "Utaniletea nimwone?"

"Nitakuletea. Wakiruhusiwa tu kutoka hospitali, nitakuletea mwenyewe."

Akamwinua. Walikuwa hawajafika hata nusu ya mteremko pale mikono ya Zumra ilipolegea shingoni mwake. Hilmo alisimama kidogo kwenye theluji, akashusha pumzi, akaendelea kushuka naye.

Kesho yake Babu alikwenda mjini tena. Bajro alirudi amekaa mbele, na kwenye magoti yake kitu kidogo kilichofungwa kwa shuka nyeupe. Makaburini vijana walikuwa wamewasha moto kulainisha ardhi, na kaburi la Zumra lilikuwa tayari. Imamu akauliza kichanga kizikwe wapi, kwa ukoo wa Bajro kule juu au wapi.

"Hapa," Hilmo alisema. "Pembeni ya Zumra."

Bajro alimgeukia. "Kwa nini hapa?"

"Nilimwambia nitamletea."