Kisu cha Veijo

Nimekaa chumba kimoja cha kazi na Veijo Hirvelä kwa miaka kumi na tisa, hapa Kajaani, Finland, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, na katika miaka sita ya mwisho nimemsikia akitaja jina la mwanamke mmoja tu. Sietske. Alilitaja kila siku bila kuulizwa. "Sietske ameandika." "Sietske hajaandika." Hakuwahi kumwona, hata kwa picha.

Mimi ni Orvokki, nahudumia wateja wa kampuni yetu ndogo inayouza programu za kupimia magogo. Programu hizo Veijo ndiye aliyezitengeneza, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kazi nyingine ambayo hakuna aliyemlipa. Kuna programu moja ya bure, mali ya watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko, inayokaa katikati. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo wa Unix haziwezi kuishi kwenye kompyuta za kawaida za maofisini. Hii ya katikati inazidanganya kwamba ziko kwao, nazo zinaamini na kufanya kazi. Veijo alipewa kuitunza sehemu yake yenye matata kuliko zote, pale programu moja inapozaa nyingine. Mzazi anazaa mtoto, mtoto akiwa tayari anabisha hodi, mzazi anamfungulia, kazi inaendelea. Mara elfu kumi mambo yanakwenda sawa. Mara moja wote wawili wananyamaza, kila mmoja anamngoja mwenzake, na watangojana hivyo mpaka mtu aje awazime.

Ugonjwa huo ulionekana mahali pamoja tu: kwenye kompyuta kuukuu ya Sietske Postma, mama wa Harlingen, pwani ya Uholanzi, anayepiga hesabu za maji kupwa na kujaa kwa ajili ya milango ya mifereji. Yake iliganda kila baada ya siku tisa au kumi. Veijo alitafuta mashine ya aina ileile, akaifunga hapa chini ya dirisha, ikafanya kazi mwaka mzima bila hata kukohoa. Na ukiiwekea ile ya Sietske mtego wa kuichunguza, inajifanya nzima. Kwa hiyo kila ilipoganda, Sietske aliandika, "Imeganda tena," akabandika taarifa ya mashine, mistari mia nne ya namba na saa, na Veijo akajibu.

Mke wa Veijo aliondoka zamani, kwa amani, akachukua mashua na kuacha sauna, kibanda cha kuogea mvuke. Tangu hapo sikumwona akimngoja mtu yeyote. Lakini ikifika siku ya nane, alianza kula mezani kwake macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Anaandika vizuri huyu mama," aliniambia siku moja. "Hapotezi neno."

"Basi una bahati."

"Ndiyo. Ila, Orvokki, ni mtu wa kazi tu. Miaka sita! Hata kusema kwao kunanyesha, hasemi."

"Na wewe umemwambia huku kuna theluji?"

"Siwezi kuanza mimi. Ataona namsumbua."

"Basi kaeni hivyohivyo, mabubu wawili."

Alicheka, lakini alicheka kwa unyonge. Alikuwa anamtamani mtu yule. Hakutamani kumshika mkono wala kumleta nyumbani, hakufika huko hata mawazoni. Alitamani tu aulizwe habari yake.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi wa pili, Sietske aliandika kwamba ofisi yao inabadilisha kompyuta zote. Ile kuukuu itatupwa mwisho wa mwezi. Veijo aliisoma barua hiyo kwa sauti, kisha akavua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Si afadhali?" nikasema. "Ugonjwa utaisha wenyewe."

"Hautaisha. Utakuwa hauonekani tu." Akairudisha miwani usoni. "Na yeye hatakuwa na sababu ya kuniandikia."

Nikaenda kutia kahawa. Niliporudi alikuwa amesimama wima.

"Sikiliza hii, imeingia sasa hivi, haina taarifa ya mashine. Anasema: 'Kama nilivyokuandikia mara nyingi, ikiganda nikafungua dirisha jingine lolote, inazinduka yenyewe. Hilo halikusaidii?' Mara nyingi! Hajawahi kuniandikia hivyo, Orvokki. Hata mara moja! Hilo ndilo jambo lenyewe nililokuwa nalitafuta miaka sita!"

"Una uhakika barua zake unazisoma zote?"

"Nazisoma zote."

"Zote, mpaka mwisho?"

Akanitazama. "Kwa kisu," akasema polepole.

Kisu ni kijiprogramu alichokiandika mwenyewe, na alikuwa akijisifu nacho. Watu wa kazi yake hawapendi barua ndefu. Wana desturi ya kujibu chini ya maneno wanayoyajibu na kukata mengine yote, na asiyekata anaonekana hana adabu. Veijo alichukia hasa yale maonyo ambayo kampuni zinabandika mwisho wa barua, kwamba barua hii ni siri, kama si yako ifute. Kwa hiyo kisu chake kilibakiza salamu, kikabakiza taarifa ya mashine, na pale taarifa inapokwisha, kilikata. Chochote kilicho chini kilitupwa kabla hakijafika machoni pake.

"Zitoe zenyewe," nikamwambia. "Nzima. Kutoka kwenye seva."

Nilivuta kiti changu nikakaa karibu naye, na hakunifukuza. Barua ya kwanza, mistari mia nne ya namba, kisha chini kabisa: "Taarifa inaishia hapo, lakini nilipofungua dirisha jingine ilizinduka. Huko kwenu kuna theluji?" Ya pili: "Mbwa wangu amejifunza kufungua friji." Ya saba: "Leo mume wangu anatimiza miaka mitatu kaburini. Sijui kwa nini nakwambia wewe. Labda kwa sababu wewe hunipi pole." Ya kumi na moja: "Je, kuna theluji? Niliuliza zamani." Alikuwa anauliza, anasimulia, anatania, barua baada ya barua, na hakuna hata neno moja lililojibiwa.

Halafu ikaja ya miaka miwili iliyopita.

"Mwezi wa tatu nitakuwa na mkutano Oulu. Treni inapita kwenu Jumanne saa saba na dakika kumi mchana, inasimama dakika nne. Nitashuka nisimame nje. Kama unaona si vyema, usijibu, nitaelewa."

Chini yake Veijo akafungua jibu lake la siku ile. "Asante. Ukipata nafasi, nitumie pia namba ya toleo la programu."

Nakiri nilitaka kumpiga na kikombe. Mjinga mwenye akili nyingi ndiye anayeudhi kuliko wote. Lakini nilipomgeukia, uso wake ulikuwa umeshuka kabisa, na nikaweka kikombe mezani. Kuanzia barua iliyofuata, chini ya taarifa hapakuwa na kitu.

"Stesheni ni dakika kumi kwa miguu kutoka hapa," alisema.

"Najua."

"Jumanne ile nilikuwa nimekaa hapahapa."

"Najua, Veijo. Nilikuwepo."

Ugonjwa aliupata kabla ya saa ya kwenda nyumbani. Alinieleza huku akiandika, bila kunitazama. Mzazi anachungulia mlangoni, haoni mtu. Anageuka kwenda kulala. Katika upenyo ule mdogo, kati ya kuchungulia na kulala, mtoto anabisha. Hodi inapita. Mzazi analala akingoja hodi ambayo imeshapigwa, na mtoto, ambaye ameshabisha, anangoja nje. Kufungua dirisha jingine kulitikisa nyumba nzima, ndipo mzazi akaamka. Dawa yake ilikuwa kuhamisha mistari mitatu ya programu: mzazi atege sikio kwanza, ndipo achungulie.

"Mistari mitatu tu?" niliuliza.

"Mitatu."

Barua yake kwa Sietske ilimchukua muda mrefu kuliko dawa. Safari hii hakukata kitu. Aliibandika ile barua ya treni nzima, akaandika chini yake: "Nilikuwa nakata barua zako mwishoni, kwa mashine. Sikujua kuna maneno. Nimeyasoma leo yote. Theluji ipo, inafika dirishani. Ningekuja stesheni. Treni bado inapita Jumanne, na bado inasimama dakika nne." Akaambatanisha dawa, akatuma. Kisha akakifuta kisu, mbele yangu, kama ushahidi.

Jibu halikuja kesho yake wala wiki ile. Siku ya tisa ikapita, na ya kumi. Sasa alisoma kila barua iliyoingia mpaka chini, na yale maonyo ya kampuni akayasoma neno kwa neno. Kila Jumanne alitoka saa saba kasoro, akarudi na theluji mabegani, akaketi. Sikumtania.

Siku ya ishirini ilikuwa Alhamisi, na nilikuwa nimemletea supu ya njegere kutoka mgahawa wa jirani. Barua ikaingia. Juu palikuwa na sentensi mbili: "Siku kumi na tisa haijaganda. Asante kwa miaka yote." Ikafuata taarifa ya mashine, mistari elfu moja na mia mbili.

"Teremka mpaka mwisho basi!" nikamwambia.

"Hapana. Nasoma."

Akasoma mstari mmoja mmoja, kidole kwenye kioo, saa na namba, saa na namba, na supu ikafanya utando mezani. Nilimwona anaogopa kufika mwisho. Alipofika, palikuwa na maneno machache.

"Jumanne ile nilishuka. Kulikuwa na theluji. Dakika nne ni nyingi, Veijo."

Aliyasoma mara mbili, mara ya pili midomo ikicheza. Kisha akaendelea kuteremka kwenye weupe mtupu ulio chini yake, taratibu, akitazama kama pamebaki neno jingine.