Niliacha kazi mjini nikarudi Nkoaranga, uzio wa kuku ukanigombanisha na mdogo wangu

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenitokea mwenyewe. Nilichobadilisha ni jina la mdogo wangu tu, maana naye huwa anapita humu. Tumwite Anaeli.

Nilikuwa afisa manunuzi kwenye kampuni ya utalii Arusha mjini, moja ya zile zilizofunguliwa mfululizo baada ya soko huria. Kazi haikuwa mbaya. Ila nilifika mahali mlima Meru nautazama kwenye kalenda ya ofisi, na wenyewe uko dirishani.

Jioni, nyumbani Njiro, nilijifundisha kuchora mimea kwa vitabu vya mitumba. Kisha nikajifunza kutengeneza vifuniko vya taa kwa maganda makavu ya mgomba. Lodge mbili zikavipenda.

Nikajipanga, nikakubaliana na mke wangu, nika-resign.

Tulirudi kijijini kwetu Nkoaranga, kwenye kihamba, yaani shamba la familia la kahawa na migomba. Kwa mila zetu, nyumba ya wazazi hurithiwa na mtoto wa kiume wa mwisho. Kwa hiyo pale ni kwa Anaeli, na mama anaishi naye. Mimi ni mgeni mwenye jina la ukoo.

Anaeli ndiye aliyeniita. "Kaka, stoo ya kahawa iko tupu. Njoo ukae." Meza yangu ya kuchorea aliibeba mwenyewe kichwani, kwenye kijia chenye utelezi.

Shida ilianzia kwa kuku. Kila nikianika maganda, wanayachakura.

Nikaamua kuweka uzio. Njiro kila geti lina masale kwenye vyungu, mmea mzuri, majani marefu, ukichomeka kijiti kinashika. Nikakata vijiti, nikavuta kamba, nikapanda mstari ulionyooka kati ya stoo na migomba ya Anaeli. Siku hiyo yeye alikuwa mnadani.

Baada ya hapo akaacha kuja kunywa kahawa kwangu. Maziwa tuliyokuwa tunaletewa yakakoma. Salamu akawa anaitoa kwa mbali, kama mtu anayepita kwa jirani.

Nikadhani amechoka kutuhifadhi. Mke wangu akaanza kuulizia vyumba vya kupanga mjini, Kijenge.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nani alikupimia?"

"Kunipimia nini?"

"Mpaka." Akaelekeza fimbo kwenye masale.

"Mama, ule ni uzio wa kuku!"

"Hao kuku wako wamesoma sana, mpaka wanaheshimu masale."

Ndipo akanieleza. Masale ndiyo mipaka yetu. Hayapandwi mpaka wazee wa pande zote mbili wawe wamesimama pale. Mimi nilipanda peke yangu, kwa kamba, mwenye shamba hayupo.

"Akikuambia uondoke sitamzuia," akasema. "Ana watoto watatu, na ardhi haizai."

Niling'oa yote mchana uleule. Nikabakiza jani moja, nikalifunga fundo kama inavyofanywa wakati wa kuomba msamaha, nikamfuata Anaeli bandani. Alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba.

Akaliangalia.

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye yale niliyopanda."

"Yaani kaka, unanikatia shamba, halafu unaniomba radhi kwa mpaka huohuo?"

Akaanza kucheka, kisha akalichukua lile jani.

"Isale halikataliwi, nimepokea. Lakini niliogopa, kaka. Nilisema huyu amesoma, ameacha mshahara, hawezi kuwa amefuata maganda."

Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Nilikuwa nimeaga ofisi nzima kwa maelezo marefu. Mdogo wangu, ambaye nakaa kwake, sikumweleza nimefuata nini.

Wakuu, ukirudi nyumbani kutafuta utulivu, kumbuka kuna watu walikuwa wameshatulia pale kabla yako. Kaa nao chini kwanza. Uliza hata unachodhani unakijua.

Siku hizi maganda yanakauka kwenye kichanja, na kahawa tunakunywa pamoja. Nililichora lile isale nikampa Anaeli, amelitundika sebuleni. Chini ya mchoro ameandika kwa penseli: UZIO WA KUKU.

Wewe uliyerudi kwenye boma ambalo kwa mila ni la mdogo wako, mnaishije? Nitasoma yote, hata ya kunicheka.