Rangi Inayojitibu

Sikusomeshwa na mtu. Niliondoka Mtwara miaka ya tisini nikiwa na mashati mawili, nikakwangua kutu katika karakana ya meli Afrika Kusini, nikasoma jioni, nikarudi na stashahada ya rangi za kukinga chuma. Kijijini kwetu, chini ya Kitaya kuelekea mdomo wa Ruvuma, hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mpaka leo hayupo.

Baba alikuwa mvushaji. Boti lake la chuma lilichomelewa Chuno, Mtwara mjini, nalo ndilo lililotulisha. Kwetu maji ya mto huchanganyika na chumvi kila bahari inapojaa, na chumvi haina huruma kwa chuma. Basi kila msimu wa kubangua korosho, Baba alikinga mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda yakichomwa, akalivuta boti nchi kavu na kulipaka lote kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Mafuta yale huunguza ngozi. Mikono yake ilikuwa na mabaka tangu nipate akili.

Niliporudi, nilileta kopo la rangi ya majaribio. Nilieleza mbele ya watu kwamba ndani yake mna chembe ndogo mno, vumbi la unga ni kubwa mbele yake, na kila moja imebeba dawa ya kutu. Rangi ikikwaruzwa, chembe za pale hupasuka, dawa ikatoka, jeraha likajifunga lenyewe.

“Yaani rangi imemeza mganga?” aliuliza mjomba wangu, ambaye hakukosa neno la kunichokoza.

“Imemeza sayansi, mjomba.”

“Haya. Na mganga huyo akiugua, atatibiwa na nani?”

Watu wakacheka. Baba hakucheka. “Mwacheni mwanangu afanye kazi. Nyie mmesoma wapi?”

Siku tatu nilikwangua boti kwa brashi ya waya na msasa, nikalisugua kwa petroli mpaka likametameta. Karakanani tulikuwa tunakipiga chuma kwa mchanga unaorushwa na mashine ya upepo hadi kila kishimo kiwe safi. Sharti hilo nililijua kuliko yeyote pale. Lakini mashine haikuwapo, nami nikajiambia mikono yangu inatosha. Mafuta ya korosho ya miaka mingi yalikuwa yamejificha kwenye vishimo na kwenye maungio ya kulehemu, nami nikapaka juu yake. Rangi ile hujitibu mkwaruzo. Haiwezi kushika mahali ambapo haikukigusa chuma.

Kabla ya kwenda kuanza kazi Mtwara mjini nilimwambia Baba, watu wakisikia: “Mafuta yako sasa basi, Baba. Ukiyapaka juu ya hii utaiharibu. Usiiguse.”

Mvua za mwaka wa pili nikaletewa habari kwamba boti limetoboka katikati ya mto. Abiria walichota maji kwa sufuria na kwa viatu, Baba akapiga kasia mpaka wakakwama kwenye tope la ukingoni. Hakufa mtu. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kupanda tena, na siwalaumu. Mamba wa pale wanajulikana.

Nililikuta limepinduliwa uani. Rangi yangu ilikuwa bado inang'aa, isipokuwa ilikuwa imetoka malengelenge. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, kidole kikazama. Ndani hapakuwa na chuma, palikuwa na unga mwekundu. Mama alinionyesha debe la mafuta ya korosho ya msimu uliopita, limejaa, halijachotwa hata tone.

Nikamfuata Baba alipokaa, juu ya gogo mbele ya mto.

“Baba, kwa nini hukupaka?”

“Ulisema nisiguse.”

“Lakini uliyaona malengelenge.”

“Niliyaona tangu mvua za kwanza.”

“Sasa?”

“Ningepaka, mjomba wako angepita akaona. Wangesema mwanangu hakusoma kitu.”

Nilitaka kumweleza kwamba rangi haikuwa na kosa, kwamba kosa lilikuwa la kusafisha. Ni kweli, na hadi leo naweza kulithibitisha. Ng'ambo mtu alianza kupiga ukelele wa kumwita mvushaji, akarudia, akarudia tena. Baba aliinuka kwa mazoea, akasimama, kisha akakaa.